Asipotee Njiani: Mwongozo wa Huduma ya Jamii kwa Watu Wazima Wenye Matatizo ya Akili Mjini Bunia

Mhudumu wa jamii anayesaidia watu wazima wenye matatizo ya akili mjini Bunia ana kazi moja inayozidi nyingine zote: kuhakikisha kwamba mtu aliyekwisha kuonekana hapotei tena. Njia za kupotea ni nyingi. Kijiji kinashambuliwa na familia inakimbia bila kadi ya hospitali. Dawa zinakwisha kituoni. Jamaa wanamhamishia mgonjwa kwenye chumba cha maombi nje ya mji. Mradi wa shirika unafungwa, na namba ya simu iliyozoeleka haipokelewi tena. Muuguzi hutoa dawa na mwanasaikolojia huongoza tiba ya mazungumzo, lakini anayeshika uzi kati ya nyumba, kituo cha afya, kanisa na ofisi ya serikali ni mhudumu wa jamii. Bunia wengi humwita APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, hata kama cheo chake rasmi ni kingine.

Kuujua mji kabla ya kumjua mgonjwa

Mkoa wa Ituri una zoni za afya 36, na Bunia ni mojawapo. Kila zoni imegawanywa katika maeneo yenye kituo cha afya kinachoongozwa na muuguzi mkuu, na juu ya vituo hivyo iko hospitali kuu ya rufaa. Sera ya Kongo, kupitia Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili, ni kuingiza huduma ya akili katika vituo hivi vya kawaida badala ya kuiacha kwa hospitali chache za magonjwa ya akili. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2010 mwongozo wa mhGAP kwa ajili ya wauguzi na madaktari wasio mabingwa, ili waweze kutambua na kutibu sonona, saikosisi, kifafa na ulevi wa kupindukia. Sera hiyo ni nzuri, ila muuguzi aliyefundishwa leo anaweza kuhamishwa kesho.

Kwa hiyo mhudumu mpya huanza kwa kuzunguka. Anahitaji kujua kituo gani kina muuguzi aliyepata mafunzo, siku anazopokea wagonjwa wa akili, dawa zilizopo, bei ya kadi na bei ya dawa, na nani hupokea simu usiku. Orodha ya mambo hayo huandikwa upya kila mwezi. Orodha ya zamani ina madhara: humfanya mama atumie faranga za chakula kulipa pikipiki hadi upande wa pili wa mji, akaambiwa muuguzi aliyeelekezwa kwake hayupo. Mtu aliyerudishwa hivyo mara moja ni nadra kurudi.

Orodha ya pili ni ya watu wa mtaani: wakuu wa mitaa, wahamasishaji wa afya wanaoitwa RECO, wachungaji, mapadre, maimamu, viongozi wa vikundi vya akina mama, na kamati za kambi za wakimbizi wa ndani kama ile ya Kigonze. Hao ndio watakaosema, miezi mitatu baadaye, kwamba yule kijana amehamia kwa mjomba wake Komanda.

Mateso na ugonjwa

Vita vya 1999 hadi 2003 viliua makumi ya maelfu ya watu katika Ituri. Mapigano yaliwaka upya katika wilaya ya Djugu mwezi Desemba 2017, na tangu hapo mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Kusini, katika Irumu na Mambasa, watu wamekimbia mauaji ya kundi la waasi la ADF. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Hakuna mtaa wa Bunia usio na nyumba iliyofiwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la JAMA, uliohoji watu wazima 998 katika maeneo ya Kivu na Ituri, ulikuta nusu yao wana dalili za kiwewe cha vita na wanne kati ya kumi wana dalili za sonona. Makadirio ya WHO ya mwaka 2019 kuhusu nchi zenye vita kwa jumla ni madogo zaidi: mtu mmoja hivi kati ya watano ana tatizo la akili la aina yoyote, na watu 5 hivi kati ya 100 wana tatizo kali. Tofauti hiyo inamfaa sana mhudumu. Hojaji huhesabu dalili, na dalili peke yake si ugonjwa. Mjane anayelia usiku miezi miwili baada ya mume wake kuuawa anaomboleza. Anahitaji shitingi (turubai) isiyovuja, chakula, watu wa kukaa naye, na habari za watoto waliopotea wakati wa kukimbia. Akianzishiwa vidonge vya usingizi kwa sababu tu hakuna kingine cha kumpa, amedhulumiwa.

Linalotenganisha ni muda, uzito na utendaji. Mhudumu huuliza: hali hii imedumu wiki ngapi? Je, anaoga, anapika, anakwenda shambani au sokoni? Anawajali watoto? Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini kwamba jirani anamtilia sumu katika maji? Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hawezi tena kufanya kazi zake za kila siku apelekwe kituoni. Anayesikia sauti, anayezungumza maneno yasiyoshikana au asiyelala kabisa kwa siku kadhaa huku akichangamka kupita kiasi, apelekwe bila kungoja wiki hizo mbili.

Hali moja haivumilii kungoja hata saa chache. Mtu mzima aliyekuwa mzima wiki iliyopita, kisha ghafla akaanza kuchanganyikiwa, hasa akiwa na homa, shingo ngumu, degedege au jeraha la kichwa, huenda ana malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari au maambukizi mengine makali. Mwanamke aliyejifungua karibuni na kuanza kuona mambo yasiyokuwapo yumo katika kundi hilo hilo. Familia nyingi husoma mabadiliko ya ghafla kama pepo au urogi, na chumba cha maombi huwa karibu kuliko hospitali. Hapa mhudumu hapaswi kubishana kuhusu pepo. Atafute pikipiki, ashike njia ya hospitali, na mchungaji aombe wakiwa njiani.

Kifafa nacho kinastahili uangalizi wa pekee katika Ituri. Watafiti wamekihusisha kwa nguvu na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi weusi wa kando ya mito iendayo kasi, na maeneo ya Mahagi, kama zoni ya Logo, yana wagonjwa wengi kupita kawaida. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kula sahani moja, na jambo hilo lisemwe mbele ya ukoo mzima, kwa sababu wagonjwa hawa hunyimwa ndoa, shule na hata kuokolewa wanapoangukia motoni. Familia ifundishwe kumlaza ubavu, kuondoa vitu vikali, kutotia kijiko mdomoni, na kumpeleka hospitali degedege likizidi dakika tano. Jiko la mafiga liinuliwe au lizungushiwe uzio; mgonjwa asiteke maji mtoni peke yake. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla hata kama mtu hajaanguka kwa miezi mingi.

Mkutano wa kwanza

Ziara ya kwanza si ya kukusanya historia yote ya vita. Mwongozo wa kimataifa wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011, umeiweka kazi hiyo katika mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. WHO haishauri kumtaka mtu aeleze kwa urefu yaliyompata mara tu baada ya tukio. Kufanya hivyo hakuzuii kiwewe, na baadhi ya watu huumia zaidi. Akitaka kusema, asikilizwe. Akinyamaza, ukimya wake uheshimiwe, na mazungumzo yarudi kwenye usingizi, chakula na watoto.

Kibanda cha shitingi hakina siri. Afadhali kutembea na mtu hadi ukingo wa kambi, kuomba chumba kituoni, au kukaa naye akichambua maharage, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kutazama. Mwanamke aulizwe kama anapenda kuzungumza na mwanamke mwenzake. Mkubwa huitwa Mama, Papa au Mzee, na mwenye watoto huitwa kwa jina la mwanawe, jinsi majirani wanavyomwita. Akianza kuitwa "mgonjwa" siku ya kwanza, mtaa mzima utafuata.

Kiswahili cha Bunia kinawafikia wengi, lakini mzee wa kutoka Djugu anaweza kuwa na Kilendu tu, wa Mahagi Kialuri, wa Aru Kilugbara. Mkalimani asiwe mtoto wa mhusika, wala mume, wala jirani. Katika mkoa ambao vita vilifuata mipaka ya makabila, hasa Wahema na Walendu, mhusika mwenyewe ndiye anayechagua sauti atakayoiamini, na swali huulizwa hivi: "Ungependa nani atusaidie lugha?" Swali la kabila halina haja ya kuulizwa. Mhudumu wa Kihema anayemtembelea Mlendu, au Mlendu anayemtembelea Mhema, asijifanye haoni tofauti hiyo. Akiona hofu haipungui baada ya ziara mbili au tatu, amwombe mwenzake achukue nafasi.

Kuuliza kuhusu kujiua

Swali hili huogopwa kwa kudhaniwa kwamba kulitamka ni kuliita. Sivyo. Kuuliza hakupandi wazo la kujiua. Mara nyingi humpa mtu nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Linaulizwa kwa maneno mepesi: "Wengine wakifika hapa huona afadhali kufa. Wewe umefika hapo?" Akikubali, yafuate maswali kuhusu njia aliyofikiria, kama ameshaiandaa, na kama amewahi kujaribu. Mwenye mpango asiachwe peke yake hata dakika moja. Dawa za kuulia wadudu wa mashambani, kamba, visu na akiba ya vidonge viondolewe nyumbani siku hiyo hiyo, na mhudumu amsindikize hospitalini. Ahadi ya kutunza siri haihusu hatari ya kifo, na jambo hilo huelezwa mwanzo kabisa wa uhusiano ili baadaye lisionekane kama usaliti.

Familia, kanisa na mnyororo

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ambayo mgonjwa amefungwa. Kijana mwenye saikosisi aliyewahi kuchoma nyumba au kupotea msituni hufungwa mguu kwenye gogo au nguzo, nyumbani au kwenye chumba cha maombi, na wanaomfunga mara nyingi ni wale wanaomlisha. Mhudumu akiingia kwa lawama, atafungiwa mlango, na mgonjwa atabaki ndani ya mnyororo ule ule bila shahidi. Akiingia kwa kumpa pole mama wa nyumba, ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi mingi, atapata pa kuanzia.

Hatua hufuatana hivi. Kwanza muuguzi afike pale pale aliko mgonjwa, dawa ianze. Kidonda cha mguuni kitibiwe. Mgonjwa aoge, apate chakula, na afunguliwe kwa saa chache mchana mtu akiwa karibu. Usingizi ukirudi na ukali ukipungua, saa zinaongezwa hadi mnyororo uondoke. Mhudumu hupita kila siku mbili tatu katika kipindi hiki, kwa sababu familia hulegea au huogopa tena pale inapoachwa peke yake. Mnyororo haukubaliki kamwe kama matibabu, na familia iambiwe hivyo waziwazi. Kinachojadiliwa ni njia ya kufika kwenye kuufungua.

Kwa mchungaji, ombi lenye faida kubwa ni moja: dawa ziendelee wakati wa maombi, na mgonjwa asilazimishwe kufunga kula wala asipigwe. Mfungo kwa mtu anayekunywa dawa za akili au za kifafa unaweza kumdhuru. Wachungaji wengi hukubali wakiona heshima, na aliyekubali mara moja huanza kuwaleta wengine kituoni yeye mwenyewe. Mhudumu azungumze vivyo hivyo na mganga wa jadi, akiuliza bila woga ni mizizi gani mgonjwa anakunywa, ili muuguzi ajue.

Dawa

Mhudumu haandiki dawa wala habadili kipimo. Anachokifanya ni kujua mtu anakunywa nini, na nini kitamfanya aache. Haloperidoli hutuliza sauti na hofu za saikosisi, lakini inaweza kukaza misuli, kutetemesha mikono au kupinda shingo ghafla. Familia isiyoonywa huona hapo uthibitisho wa urogi au sumu, na vidonge hutupwa. Klorpromazini huleta usingizi mwingi na kizunguzungu mtu anaposimama haraka. Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya nafuu kuonekana, ilhali madhara madogo hutangulia. Mambo haya yakisemwa mapema, na yakirudiwa, mtu huvumilia.

Sababu nyingine ya kuacha ni njaa. Katika kambi mtu hula mara moja kwa siku, na dawa ya kusinzisha ikiingia kwenye tumbo tupu humwangusha. Mhudumu asiyeuliza kuhusu chakula atamwita mgonjwa mkaidi bure. Kuna pia pombe kali ya kienyeji, rahisi kuliko chakula, ambayo ikichanganywa na diazepamu au fenobabitali inaweza kusimamisha pumzi.

Kila mgonjwa awe na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, iliyofungwa pamoja na vitu ambavyo familia huvichukua kwanza inapokimbia. Iandikwe jina la dawa, kipimo, tarehe ya mwisho ya kuipata na kituo kilichoitoa. Mgonjwa wa Bogoro au Fataki aliyekimbilia Bunia na karatasi hiyo huendelea na tiba siku ile ile. Asiye nayo huanza upya, au haanzi. Akiba kituoni iulizwe wiki mbili kabla ya kwisha, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta katika zoni jirani.

Tiba ya mazungumzo

Tiba ya mazungumzo si kazi ya daktari wa akili pekee. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine lilifuatilia wanawake 405 walionusurika ubakaji katika vijiji 15 vya Kivu. Wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wa Kikongo, wasio na shahada za saikolojia lakini waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, waliongoza tiba ya kikundi ya kubadili mawazo yanayomfunga mtu katika tukio. Miezi sita baada ya tiba, wanawake 9 kati ya 100 katika vikundi hivyo walibaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi, dhidi ya 42 kati ya 100 waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja tu. Mbinu fupi ya WHO iitwayo PM+, ya vikao vitano, imekusudiwa pia kwa wahudumu wa aina hii: kupumua kwa utulivu, kugawa tatizo vipande, kurudia shughuli zilizoachwa, na kuimarisha watu wa karibu. Sharti ni mafunzo na msimamizi wa kumrudia kila wiki. Kuiga vikao kutoka kwenye kijitabu, bila msimamizi, na mtu aliyebakwa au kulazimishwa kuua, ni kumfungulia kidonda bila uzi wa kukishona.

Haki na njia nyingine za msaada

Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Mjini Bunia, shirika la SOFEPADI lina kituo cha Karibuni wa Mama kinachowapokea manusura. Aliyechelewa apelekwe vilevile, kwani matibabu mengine na msaada wa moyo havina mwisho wa saa.

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya 3 Mei 2022 kuhusu haki zao inahusu pia ulemavu wa akili. Mhudumu aitumie sheria hiyo mbele ya kamati ya kambi inayomruka "mwenda wazimu" katika orodha ya mgao, au mbele ya ndugu wanaogawana shamba la mgonjwa akiwa hai. Kumwondolea mtu mzima uwezo wa kusimamia mali yake ni uamuzi wa mahakama, si wa baraza la ukoo.

Baadhi ya wanaohudumiwa ni waathirika katika kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya viongozi wa zamani wa makundi ya wapiganaji wa Ituri: Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda. Fidia zilizoamriwa, zinazosimamiwa na Mfuko wa Waathirika, zinajumuisha msaada wa kisaikolojia. Katika kesi ya Katanga, kuhusu shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003, waathirika 297 walitambuliwa. Mhudumu aulize kama mtu aliwahi kuandikishwa, amsaidie kufuatilia, na asimwahidi fedha.

Siri, usalama na kupumzika

Daftari la ziara libebe namba badala ya majina, bila kabila wala kijiji cha asili, kwa sababu linaweza kufunguliwa kwenye kizuizi cha barabara ya taifa namba 27 au namba 4. Orodha inayounganisha namba na majina ibaki imefungiwa ofisini. Picha za wagonjwa zisiwekwe kwenye simu, hata kwa kibali cha familia.

Wahudumu wengi wa Bunia nao wamekimbia na kufiwa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mlipuko ulioua watu 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, wasaidizi wa kisaikolojia ndio waliosimama kati ya timu za mazishi na wafiwa wenye hasira, siku baada ya siku. Asiyelala, anayeota ndoto za wagonjwa wake au anayeanza kuwafokea anahitaji kupunguziwa kesi na kuzungumza na msimamizi. Ofisi isiyopanga muda wa kikao hicho kila wiki itawapoteza wafanyakazi wake walio bora kwanza.

Kukabidhi

Miradi mingi ni ya miezi michache, magonjwa mengi ni ya miaka. Kukabidhi huanza angalau miezi miwili kabla ya mradi kufungwa. Wagonjwa wapangwe kwa uzito: wanaotumia dawa za saikosisi na kifafa, na waliowahi kujaribu kujiua, watangulie. Kwa kila mmoja kifanyike kikao cha ana kwa ana cha mgonjwa, mhudumu anayeondoka na muuguzi au mhudumu anayepokea, kisha dawa za kutosha kuvuka wiki za mpito zitolewe, na ziara moja ya mwisho ifanywe baada ya miadi ya kwanza ya upande mpya. Faili hufungwa pale mgonjwa anapoweza kumtaja anayempokea, siku na mahali, na mtu wa nyumbani atakayemkumbusha dawa.